Kulisha mifugo kwenye chikori Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu nipande chikori kando ya banda langu hapa Isyonje, wafugaji wanaopita kuelekea Matamba husimama na kuuliza. Wengine hupiga simu kutoka Mafinga na Makete. Maswali yao yanafanana, na karibu yote, hata yanayoanza na mbegu au mbolea, huishia kwenye jambo moja: niwaingize wanyama lini, na niwatoe lini. Nafuga ng'ombe wa maziwa na mbuzi wachache. Ninayoandika hapa ni yale yanayojulikana kuhusu mmea huu huko ulikolimwa kwa miaka mingi, pamoja na niliyojionea mwenyewe shambani.

Chikori ni mmea gani hasa?

Ukiujua mchunga, huu ni ndugu yake. Kwanyua jani utaona utomvu mweupe kama maziwa; unanata vidoleni, baada ya muda unageuka kahawia, na ukiulamba ni mchungu. Uko katika ukoo mmoja na saladi, alizeti na pareto yetu. Asili yake ni Ulaya, Asia ya Magharibi na Afrika Kaskazini.

Majani yake mapana hutoka yote kwenye kitovu kimoja kilicho sawa na uso wa udongo. Mimi nakiita moyo. Chini ya moyo kuna mzizi mnene kama karoti nyeupe, unaozama chini kuliko mizizi ya nyasi nyingi. Kumbuka hivyo viwili, moyo na mzizi, maana ndivyo tutakavyovizungumzia hadi mwisho.

Zipo chikori za mboga, zipo za mizizi ya kukaanga na kuchanganya na kahawa, na zipo za malisho. Ya malisho iliyovuma zaidi ni Puna, iliyotolewa New Zealand mwaka 1985, na nyingine zimefuata. Unaponunua hakikisha unapewa ya malisho.

Nina majani ya mabingobingo na gwatemala ya kutosha. Chikori ya nini tena?

Usiyang'oe. Mabingobingo ni ugali, chikori ni mboga. Hakuna anayeshiba mboga peke yake, lakini ugali mkavu kila siku nao unachosha mwili. Mabingobingo yakikomaa protini yake hushuka chini ya asilimia 10, wakati majani machanga ya chikori mara nyingi huwa na asilimia 15 hadi 25. Pia huyeyuka upesi tumboni, kwa hiyo mnyama hula zaidi, na yana madini mengi, hasa kalsiamu na potasiamu.

Udhaifu wake ni maji. Katika kilo 10 za majani mabichi, kilichobaki baada ya kutoa maji ni kilo moja hadi moja na nusu tu. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji karibu kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Ukitaka kumshibisha kwa chikori pekee ungembebea kilo 80 hadi 120, na bado angekosa nyuzinyuzi. Ndiyo maana nasema ni mboga.

Hapa kwetu inafaa maeneo gani?

Inapenda ubaridi, kwa hiyo Uporoto, Makete, Njombe na Mufindi kuna hali ya hewa inayoifaa. Haipendi maji yaliyosimama. Bonde linalotuama maji Aprili liachie nyasi.

Udongo wetu mwingi una tindikali. Chikori inataka pH ya 5.5 au zaidi, basi pima kabla ya kupanda, na kama iko chini weka chokaa miezi michache mapema. Weka pia mbolea ya fosforasi wakati wa kupanda, maana udongo wa volkano huishika fosforasi na mmea mchanga haupati.

Nipande lini, na kiasi gani?

Kilo 2 kwa ekari ikiwa peke yake. Ukichanganya na nyasi na klova (mmea wa malisho wa jamii ya kunde), kilo moja inatosha, na kwa mchanganyiko huo klova itakupa naitrojeni bila kununua. Mbegu ni ndogo kama za saladi, haitakiwi kuzama zaidi ya sentimita moja. Changanya na mchanga mkavu ili isianguke kwa mafungu, tawanya, kisha kokota tawi lenye majani juu yake na ukanyagie kidogo. Ukiifukia kwa jembe umeizika.

Kuhusu wakati, mimi hupanda mwishoni mwa Februari viazi vikishatoka. Shamba la viazi limeshalimwa vizuri, magugu ni machache, na mabaki ya mbolea yapo. Hapa kwetu mvua hufika Mei, hivyo miche hupata muda. Kwa walio upande wa Mafinga na Iringa ambako mvua hukatika mapema zaidi, Desemba hadi Januari ni salama. Kama maharage au alizeti zilizotangulia hapo ziliwahi kuoza kwa ukungu mweupe, chagua kipande kingine. Ukungu huo hushambulia na chikori.

Mara ya kwanza niwaingize wanyama baada ya muda gani?

Huko wanakoilima sana hutaja siku 80 hadi 100. Mimi siangalii kalenda peke yake. Hesabu majani: mche uwe na majani saba kamili. Kisha shika majani yote kwa mkono mmoja kama unavyoshika nywele za mtoto ukimsuka, vuta kwenda juu kama ng'ombe anavyovuta. Yakikatika mkononi na mmea ukabaki, mzizi umeshika. Mmea ukija mzima, subiri wiki mbili ujaribu tena. Jaribu sehemu kumi tofauti, siyo ukingoni tu ambako mbolea ya banda imefika.

Raundi hiyo ya kwanza iwe nyepesi. Waingize wakati majani ni shubiri moja, wale ncha, watoke. Ukiwaachia wale hadi chini mara ya kwanza, mzizi ambao bado haujanenepa hauna akiba ya kuotesha majani mengine.

Baada ya hapo, waingie ikiwa na urefu gani na waiache ikiwa na urefu gani?

Waingie ikifika shubiri moja kamili au kuzidi kidogo, yaani sentimita 20 hadi 30. Watoke ikiwa imebaki vidole vitatu, sentimita 5 hivi. Mkono unao siku zote. Huna sababu ya kusema ulisahau rula.

Vidole vitatu vina sababu. Machipukizi yote yajayo yapo kwenye moyo, usawa wa ardhi. Majani yaliyobaki juu yake ndiyo yanayopika chakula cha siku za kwanza, na mzizi unaongezea akiba. Mnyama akila hadi kwenye moyo, hasa mbuzi na kondoo ambao midomo yao inafika chini sana, amekula machipukizi yenyewe. Kwa upande mwingine ukiacha kingi, zaidi ya kiganja kizima, majani ya zamani yanazeeka, mashina yanapata nafasi ya kurefuka, na raundi ijayo ng'ombe watachagua.

Kosa langu kubwa lilikuwa hapa. Mwaka wa pili, mwezi Aprili, nilikwenda msibani Tukuyu nikaacha ng'ombe na mbuzi kwenye kipande kile kile siku sita, mvua ikinyesha. Niliporudi ardhi ilikuwa kama unga uliokandwa. Nilichuchumaa nikashika mmea mmoja. Kichwa kikang'oka kama kifuniko, na ndani moyo ulikuwa wa kahawia, unateleza, unanuka. Nikajaribu wa pili na wa tatu, hali ile ile. Mwezi uliofuata karibu nusu ya kipande kilikuwa wazi na magugu yameshaingia. Vipande vya jirani, mbegu ile ile, siku ile ile ya kupandwa, vilidumu miaka miwili zaidi. Tangu hapo, mtu akiniambia chikori yake "imekataa", swali langu la kwanza ni wanyama walikaa humo siku ngapi.

Ipumzike siku ngapi?

Siku 25 hadi 30 wakati wa mvua na joto. Juni na Julai, baridi ikikaza, inaweza kufika wiki sita au zaidi. Shubiri ndiyo inayoamua, siku ni za kukusaidia kupanga tu.

Na wanyama wasikae kwenye kipande kimoja zaidi ya siku tatu au nne. Chikori huanza kuchipua mapema sana baada ya kuliwa. Ng'ombe aliyebaki humo siku ya sita anakula chipukizi jipya, ambalo ni tamu na laini kuliko lililobaki, na hapo ndipo akiba ya mzizi inapomalizwa. Ukikaa siku nne kwa kila kipande, unahitaji vipande vinane: kimoja kinaliwa, saba vinapumzika, na kila kimoja kinapata siku 28.

Nina ng'ombe wawili na eneo dogo nyuma ya nyumba. Nianzie wapi?

Wengi wetu tuko hivyo, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Tengeneza fremu ya miti minne, mita moja kila upande. Ilaze kwenye chikori iliyofika shubiri, kata kwa mundu ukiacha vidole vitatu, pima kwenye mizani. Fanya mahali patatu upate wastani. Tuseme umepata kilo moja kwa mita moja ya mraba. Ukitaka kumpa kila ng'ombe kilo 15 kwa siku, wawili ni kilo 30, yaani mita 30 za mraba kwa siku. Kwa raundi ya siku 30 unahitaji mita 900 za mraba. Hiyo haifiki hata robo ya ekari. Kila ng'ombe hapo anapata karibu kilo 2 za chakula kikavu chenye protini nzuri, na kinachobaki ni mabingobingo, mabua na pumba kama kawaida.

Mita 30 za mraba ni eneo la hatua tano kwa hatua sita. Kama una uzio wa umeme wa betri ya sola, unausogeza kila siku. Kama huna, funga kwa kamba kwenye kigingi, lakini kamba ina ubaya wake: mnyama hukanyaga duara moja mara nyingi na kulala juu yake. Mfunge saa mbili tu, kisha mrudishe bandani akapate maji na majani makavu. Na kama ardhi imelowa usimfunge kabisa, kata umpelekee. Kwa mfugaji wa bandani, kukata kwa mundu ndiyo njia inayolinda mmea kuliko zote, mradi mkono unaokata ukumbuke vidole vitatu.

Mvua za Machi na Aprili nifanyeje?

Upande wa Rungwe, ambako sehemu nyingine hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, hili ndilo swali la uhai na kifo kwa chikori. Kwato kwenye tope husukuma moyo chini au kuupasua, na kidonda kile kinaingia maji na ukungu. Kipimo changu: nakanyaga kwa kisigino. Shimo likijaa maji, au udongo ukipanda juu ya soli ya kiatu, hakuna mnyama anayeingia siku hiyo. Wiki nzima ikiwa hivyo, nakata na kubeba wiki nzima. Ni kazi, najua. Kupanda upya ni kazi zaidi.

Imeanza kutoa mashina marefu. Imekwisha?

Haijaisha, ila umechelewa kidogo. Shina la chikori likiachwa linapita urefu wa mtu mfupi, linakuwa gumu kama kuni, na linatoa maua ya bluu yanayofunguka asubuhi na kufunga jua likipanda. Nyuki huyapenda, na mimi huacha mstari mmoja ukingoni kwa ajili yao. Lakini shamba zima likiwa mashina, majani yamepungua na ng'ombe wanabagua.

Mmea husukumwa kutoa shina na baridi inayofuatiwa na siku ndefu. Kwetu urefu wa siku haubadiliki sana, hivyo usitegemee tarehe za vitabu vya nchi za mbali. Tembea shambani kila wiki ufunue majani kwa mkono utazame katikati. Shina likiwa bado fupi kuliko kiganja, ingiza wanyama mapema wamalize likiwa laini. Yaliyobaki fyeka baada ya wao kutoka. Fyeka siku ya jua. Shina lina uwazi ndani kama mrija, ukilikata mvua inakaribia, maji huingia hadi kwenye moyo.

Inavimbisha tumbo kama lusani, ile kunde ya malisho?

Chikori yenyewe haijulikani kwa kuvimbisha. Klova uliyochanganya nayo inaweza. Usiingize ng'ombe mwenye njaa kali, hasa asubuhi yenye umande. Mpe kwanza mabua au hei (majani yaliyokaushwa), kisha muda mfupi siku ya kwanza, uongeze ndani ya wiki moja. Kinyesi kikilainika siku hizo ni kwa sababu ya maji mengi ya majani. Kikiwa maji matupu, au mnyama amezubaa, punguza na umwite afisa mifugo.

Maziwa yatakuwa machungu?

Yanaweza kubeba ladha ikiwa ng'ombe anakula chikori nyingi mno, na mnunuzi akishaonja hilo mara moja itakuchukua muda kumrudisha. Lisha baada ya kukamua, isiwe kabla. Kilo 15 nilizotaja, zikitolewa mara baada ya kukamua asubuhi, hazijawahi kunirudishia maziwa. Ukiongeza kiasi, onja mwenyewe kabla ya kupeleka.

Ni kweli inaondoa minyoo?

Utafiti wa New Zealand na Ulaya kwa kondoo na paa wa kufugwa umeonyesha kwamba wanaolishwa chikori mara nyingi huwa na mzigo mdogo wa minyoo. Sababu mojawapo hudhaniwa kuwa ni zile dawa chungu za kwenye utomvu. Lakini kupunguza siyo kutibu. Ratiba ya dawa ya minyoo uliyopewa iendelee, na mbuzi mwenye ufizi mweupe apelekewe daktari, asipelekewe majani.

Kiangazi na sakitu je?

Mzizi mrefu huisaidia kubaki kijani wiki kadhaa baada ya nyasi kunyauka, na huo ndio utamu wake Juni. Usidanganyike ukadhani itabeba banda zima hadi Novemba. Ikipunguza kasi, iache. Asubuhi za sakitu, umande ukiwa umegandia majani, usipitishe wanyama hadi jua liyeyushe, maana jani lililoganda likikanyagwa hufa lote.

Mvua za kwanza zikianguka, kila mtu ana hamu ya kijani, na ng'ombe wanalia. Subiri shubiri. Mmea wakati huo unaishi kwa akiba ya mzizi peke yake.

Magugu nitumie dawa gani?

Hii haina dawa rahisi. Dawa ya 2,4-D inayopigwa kwenye mahindi huua majani mapana, na chikori ni jani pana. Palilia kwa mkono wiki sita za kwanza. Baadaye majani yake hufunika ardhi yenyewe. Mwambie na jirani wa mahindi asipulize upepo ukielekea kwako.

Mbolea: samadi iliyoiva mara moja kwa mwaka, na kiasi kidogo cha urea au CAN baada ya wanyama kutoka, udongo ukiwa na unyevu. Usimwage nyingi kwa mara moja, maana naitrojeni ikizidi majani hujaa naitreti, nayo ni sumu kwa mnyama.

Naweza kukausha hei?

Hapana, usijisumbue. Maji ni mengi, majani yanapukutika na mashina yanabaki.

Mbegu nitapata wapi?

Maduka mengi ya pembejeo hayana. Waulize watu wa malisho wa TALIRI (taasisi ya utafiti wa mifugo) Uyole wakushauri. Ukiagiza kutoka nje usifiche kwenye begi. Vibali vya afya ya mimea viko TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na ubora wa mbegu unasimamiwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha mbegu.

Shamba hudumu miaka mingapi, na nitajuaje limechoka?

Miaka miwili hadi minne, kutegemea ulivyolilisha. Chukua ile fremu ya mita moja, hesabu mioyo iliyo hai sehemu tano. Mimi hutumia mpaka wa mimea 20. Ikiwa juu ya hapo, ninaendelea. Ikishuka, natawanya mbegu mpya kwenye mianya mwanzoni mwa mvua, baada ya wanyama kula chini kidogo ili mche upate mwanga. Ikifika kumi, nalima.

Kile kipande cha msibani nilikilima mwaka uliofuata nikaweka mahindi. Jembe lilikuwa linaingia kwa urahisi kuliko pengine popote shambani, na kila penye mzizi uliooza palikuwa na tundu jembamba lililonyooka kwenda chini, limejaa udongo mweusi na minyoo ya ardhi.